Leso Katika Picha ya Kiboko

Bora nilisimulie mwenyewe, maana wakilisimulia wengine watalitia chumvi. Mimi Shufaa, mwenye duka la picha na fotokopi pale kijijini Kanga, nilimhukumu mwanamume kwa pindo la leso ya kujitanda. Na nilikuwa na hakika kabisa. Ningeambiwa niape siku ile, ningeapa.

Ilikuwa Alhamisi. Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, wazee wa Maliki walikuwa waje nyumbani kuchukua jibu la posa. Wiki mbili nzima watu wangu walikuwa wanampeleleza, kama ilivyo ada: anaswali wapi, kwao nani, ana mke kamficha wapi. Mjomba Pazi, kaka yake mama, alikwisha kutoa hukumu tangu siku ya kwanza.

"Mtoto wa dago huyo," alisema. "Baba yake kaja hapa na nyavu kutoka Kilwa, kajenga kibanda pwani, samaki wakihama na yeye anahama. Watu wa kambi hawana pa kuwashika. Na huyu mwanawe hata kuvua havui. Mwanamume mzima anashinda kichakani na kamera, anatazama ndege. Haya, nyie mnaamini anatazama ndege tu?"

Mama hakusema kitu. Mama yangu, Bi Mashavu, akinyamaza ujue ana lake.

Na mimi sikumtetea sana, nisiseme uongo. Nampenda, ndiyo. Nilimpenda tangu siku ile alipoingia dukani na memori kadi yake imefungwa kwenye kipande cha kitambaa, akaniomba nimchapie picha ya mdiria ameng'ang'ania samaki mkubwa kuliko kichwa chake. "Huyu hatammeza," nikamwambia. "Alimmeza," akasema. "Nilingoja dakika kumi na mbili." Mtu wa kungoja dakika kumi na mbili ndege amalize kula, nikajua ana subira. Picha zake anawauzia wenye hoteli kule Utende, na wageni wakitaka kuona viboko anawapeleka yeye. Mwaka mzima akawa anakuja dukani, anakaa upande wa pili wa meza, mlango wazi, macho yake yakinigusa yanarudi chini kwenye vidole vyake. Sauti yake ya chini. Nikisikia pikipiki yake naweka sawa mtandio kabla sijajua nimefanya hivyo.

Lakini mimi nimeshaolewa mara moja. Ussi alikaa na mimi miaka mitatu, na miwili kati ya hiyo alikuwa na mke mwingine Bwejuu. Si Dar, si Mtwara. Bwejuu, hapo tu ng'ambo. Angekuja akasema, ningelia, ningenuna, ningejua la kufanya. Hakusema. Niligundua kwa picha ya walima, katika simu ya mtu aliyeniletea nimchapie. Niliichapa kwa mkono wangu. Tangu hapo, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nashtuka hata unyasi usipokuwepo.

Basi asubuhi ile Maliki alikuwa ameniachia kadi, anataka picha sita za viboko. Nikazifungua kwenye kompyuta, nazipitisha moja moja. Yangeyange wanne wamejipanga kwenye gogo. Tumbili anakunywa maji, jicho moja kwa mpiga picha. Jike la kiboko na mtoto wake, vichwa juu ya maji. Nikaipenda hiyo, nikaikuza nione kama masikio ya mtoto yametoka vizuri.

Nyuma ya masikio yale, ng'ambo ya bwawa, kilikuwapo kile kibanda cha makuti anachojifichia akipiga picha. Mlango wake umeelekea majini, uko wazi. Na ndani ya mlango amekaa mwanamke.

Uso haukuonekana, kivuli kimeufunika. Kilichoonekana ni magoti, chupa ya chai, na leso. Ya zambarau, pindo jeupe, vidoti vyekundu pembeni.

Leso ile naijua. Katika kisiwa hiki zipo mbili tu, na zote zimetoka katika doti moja. Mume wa shoga yangu Warda aliileta kutoka Oman, Warda akaichana katikati, moja akabaki nayo, moja akanipa mimi. "Ili watu wajue sisi ni kitu kimoja," alisema. Yangu iko sandukuni, sijawahi kutoka nayo hata mlangoni, naiwekea siku ya furaha yangu.

Nikatazama tarehe. Jumatatu asubuhi. Nikaendelea. Jumanne asubuhi, leso ipo. Jumatano, ipo, na chupa ya chai ipo.

Nikampigia Warda.

"Shoga, uko wapi?"

"Kilindoni, kwa wifi yangu. Si nilikwambia mtoto anaumwa?"

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili. Mbona sauti yako hivyo?"

"Ile leso yako ya zambarau unayo?"

"Sijui, nadhani nimeiacha nyumbani. Shufaa, wewe mzima? Kesho siku kubwa, unaniuliza leso?"

"Nadhani," nikajisemea nilipokata simu. Mtu anaacha nyumbani leso ya Oman halafu anasema nadhani. Na ni yeye huyu aliyekuwa akinisukuma kwa Maliki, mwendee, mwendee, mwanamume kama huyo utampata wapi. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee hawakukosea. Nikafunga duka saa tatu na nusu, mteja akiwa mlangoni na cheti chake cha kuzaliwa mkononi.

Kufika bwawani ni nusu saa kwa miguu, unapita minazi, kisha mikorosho, kisha majani marefu yanayokushona kila mahali. Sikuhisi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na yote yalikuwa makali.

Maliki alikuwa ndani ya kibanda. Aliponiona akatoka upesi, akaacha mlango wazi, akasimama nje mbali na mimi, hatua sita hivi. Hivyo ndivyo afanyavyo siku zote, hataki kukaa na mwanamke pasipo mtu wa tatu. Siku ile nikaona anatoka ili nisiangalie ndani.

"Unaficha nani?" nikauliza.

Akaweka kidole mdomoni. Akanionyesha kwa kidevu. Jike la kiboko lilikuwa kwenye matete, si mbali, na mtoto wake mgongoni.

"Ana mtoto," akanong'ona. "Ukipaza sauti anakuja. Sema polepole."

Sijui kama umewahi kugombana kwa kunong'ona. Hasira haina pa kutokea, inakuzunguka kifuani. Nikamsogelea.

"Nani anakuja hapa asubuhi?"

Uso wake ukabadilika. Niliuona. Nimeshaona uso wa mwanamume aliyefumwa, sihitaji kuelezwa.

"Umeona kwenye kadi," akasema.

"Kwa hiyo ni kweli."

"Ni kweli amekuja mtu."

"Siku tatu."

"Siku tatu."

"Na chai."

"Na chai," akasema, na wallahi kama alitaka kucheka, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Maliki, mimi si mtoto. Leso ile naijua. Nitajie jina tu, kwa mdomo wako. Ukinitajia, huenda nikakusamehe. Ukininyima, kesho wazee wako wasije."

Akatazama maji. Mdiria mmoja alipiga mbizi, akatoka bila kitu, akarudi juu ya tawi lake. Maliki alimtazama mpaka akatulia.

"Nimeahidi nisimtaje," akasema. "Mpaka kesho. Kesho baada ya jibu nitakwambia kila kitu, hata chai ilikuwa na hiliki au haikuwa nayo."

"Kesho nikishakubali."

"Kesho ukishajibu. Ukubali au ukatae."

"Nimeshaolewa na mtunza siri, Maliki. Hodari kweli. Alitunza miaka miwili."

Hilo lilimpata. Akafumba macho, akafumbua.

"Mimi si Ussi."

"Ussi naye aliniambia yeye si kama wengine."

"Shufaa." Alilitamka jina langu taratibu kabisa. "Picha ile nimeipiga mimi. Itazame tena ujiulize nilikuwa wapi. Zaidi ya hapo sina ruhusa. Nakupenda, unajua. Nikisema jina utanipata leo, lakini utakuwa umepata mtu anayevunja ahadi akibanwa. Huyo utamtaka wa nini?"

Maneno mazuri. Ussi naye alikuwa na maneno mazuri. Macho yalinijaa nikayafuta na mtandio kabla hajayaona, na nadhani aliyaona.

"Basi jibu umeshalipata," nikanong'ona. "Ni hapana. Waambie wazee wasichoshe miguu yao."

Akageukia kibanda chake. Kisha akasema kwa sauti ambayo hata sikuisikia vizuri, "Nitabomoa kibanda leo, hapa sina tena la kungoja." Nikaondoka. Nilipogeuka, alikuwa amesimama palepale, kamera inaning'inia shingoni, hapigi picha yoyote.

Nyumbani mama alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi, ungo mbele yake. Mchele wa kesho ulikuwa umeshachaguliwa. Kuuona ule mchele kukanitia uchungu upya.

"Mama, kesho Mjomba awaambie hapana."

Nazi ikasimama. "Kwa nini?"

"Ana mwanamke."

"Nani kasema?"

"Nimemwona mwenyewe, kwenye picha. Siku tatu yuko naye bwawani, wanakunywa chai."

"Uso umeuona?"

"Nimeona leso. Ya Warda. Ile ya zambarau."

Mama akaweka chini kifuu alichokishika. Akafuta mikono. Nikangoja aseme alijua, watu wa dago ndivyo walivyo, apeleke habari kwa Mjomba Pazi. Badala yake akauliza, "Na yeye ulimwuliza?"

"Nilimwuliza."

"Akasemaje?"

"Amekataa kumtaja. Ati ameahidi. Nikamwambia taja jina au posa imekufa, akasema basi."

"Akakubali posa ife?"

"Akakubali."

Mama akasukuma ungo kando. Nikamwona kidevu chake kinatikisika kidogo, kitu ambacho sijakiona tangu siku niliyorudi kutoka kwa Ussi na begi langu.

"Nenda kafungue sanduku lako," akasema. "Leta leso yako."

"Ya nini tena?"

"Kailete, mwanangu."

Sanduku liko chini ya kitanda. Nikalivuta, nikaondoa doti za juu, nikaifikia. Ilikuwapo. Lakini mimi huikunja mara nne, na hii ilikuwa imekunjwa mara tatu, haraka haraka. Nikaifungua. Pindo la chini lilikuwa na tope jeusi lililokauka, na vishonanguo vimejishika kutoka upande huu mpaka upande ule, vile vijimbegu vyeusi vya njia ya bwawani. Nilikuwa navyo vilevile kwenye sketi yangu muda ule.

Nikatoka nayo uani, nikaitandaza mbele yake.

"Nilitaka niifue leo kabla hujaiona," mama akasema. "Nazi zikanishika."

"Mama."

"Leso zangu kijiji kizima wanazijua. Ningetoka na ile ya hudhurungi, kabla sijafika mikoroshoni Pazi angekuwa ameambiwa, 'Dada yako kaenda huku.' Hii hakuna aliyeiona nje. Nikajitanda mpaka machoni, nikapita, wakadhani mgeni."

"Umeenda kumpeleleza wewe mwenyewe?"

"Nani tena? Yule wa kwanza nilimkubali kwa macho ya mjomba wako. Alikwenda msikitini siku mbili, akarudi kasema kijana safi. Miaka minne nalala na neno hilo, Shufaa. Nikasema huyu nitamtazama kwa macho yangu."

Nikakaa chini, palepale penye machicha.

"Siku ya kwanza nilimwambia mimi ni nani," akaendelea. "Akanipa shikamoo, akanipa kigoda, akatoka. Kibanda chake, na yeye akatoka, akazunguka bwawa lote kwa miguu akaenda kukaa ng'ambo juani. Nikimwuliza jambo ananijibu kutoka kule, kwa adabu, polepole asimshtue mnyama wake. Chai nilimwekea kikombe kwenye gogo, mpaka niondoke ndipo anakuja kunywa. Siku tatu hakupungua."

Ng'ambo. Picha imepigwa kutoka ng'ambo. Bwawa zima lilikuwa kati yao, na viboko juu yake, na mimi nachapa picha kazi yangu kila siku ya Mungu, nikatazama pindo nikasahau kutazama mpiga picha amesimama wapi. Mwenyewe aliniambia nitazame.

"Na ahadi?"

"Jana. Nilimwambia, usimwambie Shufaa nilikuja. Ukimwambia, hii posa mimi nitaifuta. Nilitaka kujua mdomo wake." Sauti yake ikakatika. "Sikujua utaona picha. Sikutaka achague kati ya mimi na wewe."

"Ungenipotezea mume, mama."

"Ningekupotezea," akakubali. "Wa kwanza nilikupa mbaya, wa pili nusura nikunyang'anye mzuri. Nisamehe."

Mama yangu hajawahi kuniomba msamaha. Nikamshika mkono wake wenye tui, nikaubusu, sikumwachia kwa muda. Kisha nikaangalia jua. Adhuhuri ilikuwa imekaribia.

"Anabomoa kibanda," nikasema.

"Basi unakaa hapa unafanya nini?"

Nikajitanda ile leso yenye tope, na vishonanguo vyake vyote.

Simu yake haikupatikana. Bwawani huizima siku zote. Nikaenda nusu mbio. Nilipofika, kibanda kilikuwa kimebaki nusu: makuti ya ubavuni yametolewa, yamefungwa mizigo miwili, lakini mlango na kigoda bado. Yeye hakuwapo. Kisha nikamwona ng'ambo ya maji, amenipa mgongo, anakunja miguu ya kusimamishia kamera. Nikaingia nikakaa kwenye kigoda, pale alipokaa mama. Nilitaka pumzi zinirudie kwanza, nipange la kusema. Leso nikaishusha mpaka machoni kwa aibu.

Alipogeuka aliona leso ya zambarau mlangoni. Akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

Bwawa lile si pana, sauti ya chini inateleza juu ya maji inafika. Nilitaka kujibu, akaniwahi.

"Najua umekuja kuniuliza," akasema. "Aliona picha. Sikumwambia, mama. Aliniuliza mara tatu, nikaona analia, sikumwambia." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Ameniacha. Sina neno na wewe, wewe ni mzazi wake. Ila ukimwona usimgombeze. Amewahi kudanganywa, ana haki ya kuogopa. Mwambie zile picha sita asiniwekee."

Mimi nimekosea mambo mengi katika maisha, lakini kukaa kimya wakati ule lingekuwa kubwa kuliko yote. Na kwa sheria yetu, mwanamwali akiulizwa posa akinyamaza, kimya chake ni ndiyo. Aliyekwisha kuolewa hana ruhusa hiyo. Yeye lazima aseme.

Nikasimama. Nikaifunua leso usoni.

"Sio mama," nikasema.

Miguu ya kamera ikamponyoka, ikalala matopeni. Akanitazama, akaitazama leso, akanitazama tena. Nikamwona anavyoelewa, polepole, kama alivyo katika kila kitu chake.

"Shufaa," akanong'ona. "Ana mtoto. Usipaze—"

"Nimekubali," nikapaza, kwa sauti yangu yote niliyoibana tangu asubuhi.

Yangeyange wakaruka kutoka kwenye gogo, wote wanne, na mdiria, na ndege wengine ambao hata sikujua walikuwa wamejificha humo mateteni, bwawa zima likapiga mbawa. Kiboko akazama na mtoto wake. Kazi yake ya wiki nzima ikapaa angani mbele ya macho yake, kamera iko shingoni mwake, na hakuinyanyua. Alikuwa ananitazama mimi.

"Waambie wazee waje," nikamwambia. "Na hayo makuti uyarudishe."